Uniti Tisa

Binti wa taulo alikuwa ameshafika getini, mkoba wake juu ya meza ya mlinzi, na vitu vyake vinatolewa kimoja kimoja kama mitumba inayochambuliwa sokoni. Kandambili. Kitana. Sare mbili zilizokunjwa vizuri, ambazo mlinzi aliziweka kando kwa kuwa ni mali ya hoteli. Kopo la mafuta ya kujipaka, likafunguliwa, likanuswa, likafungwa. Nusu mkate ndani ya karatasi.

"Mkate umetoka wapi?" mlinzi akauliza.

"Dukani. Uonje basi, uone kama una ladha ya hoteli."

Mlinzi hakuonja. Alichukua daftari lake akaandika kwamba mkate ni wa mhusika.

Hatua ishirini kutoka hapo, kwenye kivuli cha ukuta wa dobi, alisimama Mama Spa, msimamizi wa spa, sehemu ya wageni kukandwa na kuoga mvuke, na funguo zake mkononi. Hakuna aliyemwita aje. Alikuwa ameshatia saini karatasi ya kumtoa yule binti, na ukishatia saini huna haja ya kwenda kutazama. Lakini miguu yake ilimleta yenyewe, na sasa haikutaka kumrudisha. Binti alifunga zipu ya mkoba, akageuka, akamwona.

"Mama, kale kadude kanachemsha kikombe kimoja," alisema, bila kupaza sauti. "Kimoja. Nami nilichemsha Jumanne na Ijumaa. Basi."

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini? Kwamba nasikia baridi? Humo ndani mmezima kila kitu, hata maji ya kunawa ni barafu."

"Nenda salama, mwanangu."

"Usiniite mwanao. Mwanao usingemtoa kwa kikombe cha chai."

Akapita getini. Mlinzi akatazama saa ya ukutani, akaandika: saa tisa na dakika tano, ametoka.

*

Kadude kenyewe kalikuwa koili, ile ya kutumbukiza ndani ya kikombe ikachemsha maji, na sasa ilikuwa juu ya meza ya Meneja ikiwa na karatasi iliyofungwa kwa uzi kama maiti wa hospitali. Ilikutwa kwenye kabati la binti. Spa ilikuwa ikitafuta mwizi wa umeme, na mwenye koili ndiye mwizi. Nani angebisha?

Hoteli ilikuwa imeamua kubana umeme. Alikuja Mtaalamu na mita ndogo zenye taa nyekundu inayokonyeza umeme ukitumika, akafunga moja jikoni, moja dobi, moja kwenye pampu ya bwawa la kuogelea na moja spa. Kila idara ikapewa dari yake. Nje ya chumba cha chakula cha wafanyakazi likatundikwa ubao, na kila asubuhi zikaandikwa kwa chaki uniti za jana. Idara itakayopita dari mwisho wa mwezi, inapunguza mtu mmoja. "Ni mchezo tu, jamani," Meneja aliwaambia, akicheka peke yake. "Tuufurahie."

Mama Spa aliufurahia kweli. Aliacha kuwasha chumba cha mvuke tangu alfajiri. Sasa alikiwasha dakika ishirini kabla ya mgeni aliyeandikishwa, na mlango wake akauzungushia mpira usivuje joto. Beseni la maji moto, lile la wageni kukaa na kububujikiwa, alilishonea kifuniko cha godoro na turubai, na aliyemshikia turubai alipokuwa anashona ni mumewe. Taulo zikaanikwa juani nyuma ya dobi. Mwezi wa kwanza spa ikaongoza. Wakampigia makofi, na mpishi mkuu, ambaye hakuwahi kumsalimu, akamwita "dada".

Mwezi wa pili, ghafla, chaki ikaanza kupanda. Uniti tisa zaidi. Kesho yake tisa. Keshokutwa tisa. Mvua au jua, wageni wawe kumi au asiwepo hata mmoja, tisa. Mwezi ukaisha spa ikiwa imevuka dari, na Meneja akamwita. "Tafuta panapovuja, mama. Usipopata panapovuja, chagua wewe mwenyewe nani aondoke." Walikuwa watatu tu: yeye, mkandaji mwenye watoto watano, na binti wa taulo. Akapekua makabati, akapata koili. Nikueleze ukweli: alipoiona alishukuru. Alishukuru kwa sababu hakulazimika kuchagua.

*

Nyumbani hawakumwita Mama Spa. Nyumbani alikuwa Mama Pacha, kwa wasichana wake wawili waliokuwa shule ya bweni. Walikaa vyumba viwili nyuma ya dobi, nyumba ya hoteli, yenye bomba ndani na dari isiyovuja, waliyopewa kwa jina la mumewe. Mumewe ndiye alikuwa mtu wa bwawa. Wenzake walimwita Klorini, kwa kuwa hata siku ya mapumziko, amevaa shati safi, alinuka dawa ya maji. Pamoja nao alikaa Bi Mkubwa, mama yake Klorini, aliyekuja kutembea kwa wiki moja, na huu ulikuwa mwaka wa sita.

"Mwizi wangu nimempata," Mama Pacha alisema jioni ile, akimimina chai.

"Mwizi wa nini tena?" Bi Mkubwa akauliza.

"Wa umeme, mama. Yule binti wa taulo. Kumbe ana koili."

"Umeme nao unaibwa? Anauweka wapi, kwenye sidiria?"

Mama Pacha akacheka, alihitaji kucheka. Mumewe hakucheka. Alikuwa anaviringisha kipande cha mkate kwenye vidole mpaka kikawa kama goroli.

"Wameshamtoa?" akauliza.

"Leo saa tisa."

"Wamemtoa kabisa, au wamempa onyo?"

"Kabisa. Nimemwona kwa macho yangu mlinzi akimnusia mafuta."

Klorini akasukuma sahani. Mkewe akamwambia mbona hujashiba, akajibu ameshiba. Bi Mkubwa, bila kuuliza mtu, akaivuta sahani upande wake.

"Wewe huna shida," Mama Pacha akamwambia mumewe, kwa utani wenye mchanga ndani. "Bwawa lako limekuwa mtoto mzuri. Pampu wamekukatia kutoka saa kumi kwa siku mpaka nne, na maji bado yanang'aa kama kioo. Meneja anakutaja kila mahali. Anasema miaka yote mlikuwa mnaunguza umeme bure."

"Ndivyo anavyosema?"

"Ndivyo. Hebu nifundishe siri na mimi."

Klorini akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala na jua halijazama vizuri.

*

Asubuhi iliyofuata ubao ulisema uniti tisa zaidi. Mama Spa akajiambia ni makosa ya aliyeandika. Siku ya pili, tisa. Jumapili hawakuwa na mgeni hata mmoja, walishinda wanakunja taulo, na Jumatatu ubao ukaandika tisa. Binti ameondoka na koili iko kwa Meneja, na mwizi bado yumo ndani.

Saa kumi alasiri akamtuma mkandaji aende kula. Akafunga mlango, akaanza kuzima. Chumba cha mvuke, akazima. Hita ya beseni la maji moto, akazima. Kabati la kupashia taulo, kikaushia nywele, redio ya muziki wa usingizi, taa za ukutani, hata kijokofu cha vipande vya matango ya kuwekea wageni machoni. Akasimama gizani mbele ya mita. Taa nyekundu ikaendelea kumkonyeza kama mhuni wa barazani.

Akazima swichi zote tena, moja moja, akizihesabu kwa sauti. Ikamkonyeza.

Ndipo akausikia mngurumo. Stoo ya taulo ilichangia ukuta na chumba cha pampu, na kwa miaka yote aliyofanya kazi pale mngurumo huo ulikuwa kama pumzi zake mwenyewe. Hakuwahi kuusikia kwa sababu haukuwahi kunyamaza. Lakini sasa ulitakiwa kunyamaza. Tangu mwanzo wa mwezi wa pili pampu iliwekewa saa ya kuiwasha na kuikata: inaanza saa nne asubuhi, saa nane mchana inazimwa, na saa yenyewe ilifungwa kwa kufuli la Mtaalamu. Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulitetemeka taratibu, kama ubavu wa paka aliyelala.

Akazunguka nje. Mlango wa chumba cha pampu haukuwa umefungwa. Mumewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, anaisikiliza pampu jinsi wazee wanavyosikiliza taarifa ya habari.

"Saa nane imepita," Mama Spa alisema.

"Najua."

"Saa ya pampu imeshakata."

"Saa imekata. Pampu haijakatika."

Akaufuata kwa macho waya mweusi, uliotoka kwenye pampu, ukapita nyuma ya pipa la mchanga wa kuchujia maji, ukapanda mpaka kwenye tundu ambamo bomba la beseni la maji moto hupenya ukutani kwenda spa.

"Huu unakwenda wapi?"

Mumewe akaitazama pampu.

"Nakuuliza, Baba Pacha. Huu waya unakwenda wapi?"

"Unajua unakokwenda."

Mama Spa akakaa chini, sakafuni, penye maji, na sketi yake ya kazi.

"Uniti tisa," akasema.

"Moja na nusu kwa saa, mara saa sita." Klorini alisema kama mwanafunzi anayejibu hesabu. "Ndiyo. Tisa."

"Kwa nini kwangu? Kwa nini usivute jikoni?"

"Jikoni ni mbali."

Alitaka kumpiga. Alitafuta cha kumpigia, akaona ni brashi tu.

"Maji yanakufa, mama," mumewe akasema. "Yasipozunguka yanakufa, hata ukiyamwagia gunia zima la dawa. Saa nne hazitoshi. Yanayotoka kwenye chujio yanarudi kukutana na uchafu uleule. Nilimwambia Mtaalamu, akanionyesha karatasi. Nilimwambia Meneja, akaniuliza nilisoma mpaka darasa la ngapi. Watoto wanaingia humo, wanayanywa. Nikiacha pampu ikae, maji yanaharibika, nafukuzwa. Nikiiendesha, navuka dari, na mimi niko peke yangu kwenye idara, wa kupunguzwa ni mimi. Nikaona wewe una nafasi. Ulikuwa juu kabisa ubaoni. Nikasema atapungukiwa kidogo tu, wala hatajua."

"Na binti?"

"Sikujua watamtoa binti."

"Nilikwambia mezani."

"Ulinambia ameshatoka. Angekuwa hajatoka..."

"Ulisukuma sahani."

"Nilishindwa kumeza."

"Ulishindwa kumeza lakini usingizi hukushindwa. Nilikusikia unakoroma."

Pampu ikaendelea kunguruma katikati yao. Hakuna aliyenyanyua mkono kuizima.

*

Bi Mkubwa aliposikia, maana nyumba ya vyumba viwili haina siri, alisema neno lake akiwa amekaa kizingitini anachambua mboga.

"Aliyekwenda kakwenda. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mtoto wa watu, mama," Mama Pacha akasema.

"Na wangu ni wa nani, wa mbuzi? Yule ni msichana, ana nguvu, atapata kazi. Huyu wako ni mzee, anajua kuchota majani na wavu. Tukitolewa humu nitakwenda wapi mimi? Kule nilikotoka bomba liko mwendo wa nusu saa."

"Ulisema wiki moja."

"Basi nihesabie," Bi Mkubwa akajibu, "nijue zimebaki siku ngapi."

Mama Pacha akaingia ndani akamwacha kizingitini. Siku ya pili, baada ya kazi, alivaa nguo za kawaida akaenda kumtafuta binti wa taulo. Alimkuta kwenye ua wa nyumba ya kupanga ya dada yake, amekunja sketi mapajani, anakamua shuka za majirani.

"Taulo zimenifuata," binti akasema, na hakumkaribisha kiti. Kiti chenyewe hakikuwepo.

Mama Pacha akamweleza yote, amesimama. Waya, tundu, pampu, mumewe. Binti aliendelea kukamua mpaka maji yakaisha kwenye shuka, akaendelea kukamua.

"Kama ulikuja kunambia nilionewa, hiyo mimi nilijua tangu siku ile," alisema mwisho. "Wa kuambiwa si mimi. Ni Meneja."

"Nitamwambia."

"Utamwambia kwamba ni mumeo?"

"Nitamwambia. Kesho."

Binti akamtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea ukarudi kuwa uso wa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Akapangusa mkono kwenye sketi, akampa.

"Haya, mama. Basi nami nikiitwa nitakuja siku hiyohiyo. Waambie sare zangu wasimpe mtu, nilizipunguza kiunoni."

*

Walikwenda wote wawili. Klorini alivaa shati lake jeupe na kubeba daftari ambamo kila siku aliandika hali ya maji, asubuhi na jioni. Ofisi ya Meneja ilikuwa baridi, kiyoyozi kinapuliza na dirisha liko wazi. Mama Spa alitazama ukutani bila kutaka, akitafuta taa nyekundu. Ofisi haikuwa na mita.

Meneja alikuwa kijana ambaye wangeweza kumzaa. Hakuwasalimu, alimalizia kwanza simu, kisha akawaonyesha kwa kidevu waseme. Wakasema. Klorini alisema sehemu yake, akafungua daftari kuonyesha. Meneja hakuangalia daftari. Alinyanyuka akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Binti mwenyewe," Mama Spa akajibu.

"Lo! Mama yangu, mbona unanichimbia kaburi?" Akakaa. "Alhamisi wanakuja wakaguzi wa cheti. Hoteli inayotunza umeme. Mnajua cheti hicho kinaleta wageni wa aina gani? Nimeshaandika kwenye ripoti: bwawa, pampu saa nne, maji safi. Spa, ongezeko limepatikana chanzo, limeondolewa. Sasa nyinyi mnaniambia bwawa ni uongo na spa ni uongo."

"Si uongo wote," Klorini akasema. "Spa kweli imepunguza. Hata bwawa linaweza kupungua. Tulifunike jioni na turubai, lisiingiwe na majani na vumbi. Tusafishe chujio kila wiki, pampu isihangaike. Lakini saa nne, hapana. Saa nane labda..."

"Mzee." Meneja akanyanyua kiganja. "Kuunganisha waya bila idhini ni nini?"

Klorini akafunga daftari.

"Ni wizi wa umeme. Na wizi ni wa polisi, si wangu. Na ile nyumba nyuma ya dobi, mnakaa wangapi?"

"Watatu," Mama Spa akasema. "Watano shule zikifungwa."

"Watano." Meneja akalitikisia kichwa neno hilo, kama mtu anayeonja mchuzi. "Basi mimi sijasikia kitu. Waya utolewe leo. Pampu saa nne. Binti alikutwa na kifaa kilichokatazwa. Kosa lake ni lake, hata kama lingekuwa la nusu uniti. Umenielewa, mama? Tia saini hapa, kwamba takwimu za spa ni sahihi na chanzo kimeondolewa. Wakaguzi wanataka mkono wa mkuu wa idara."

Karatasi ikasukumwa mbele yake. Mama Spa alikuwa na maneno tayari. Alikuwa ameyapanga tangu jana njiani, akayarudia usiku kucha, hata la sare kupunguzwa kiunoni lilikuwemo. Akafungua mdomo. Akaona bomba lake la ndani. Akaona Bi Mkubwa na ndoo kichwani. Akaona pacha wamerudi likizo, na masanduku yao wameyakalia nje barabarani.

Akashika kalamu ya Meneja, haikuandika. Akachukua yake kwenye mfuko wa sare. Wino ulikuwa umekauka, ikakwaruza tu. Wote watatu wakaitazama karatasi.

Klorini akachomoa kalamu kwenye daftari lake la maji, akampa mkewe.

Akatia saini.

*

Waya ulitolewa mchana uleule. Tundu likazibwa na saruji. Spa ikashuka uniti tisa, na kesho yake watu wakapiga makofi mbele ya ubao. Mkandaji alimkumbatia Mama Spa akamwambia, "Unaona? Yule mtoto alikuwa anatunyonya." Alhamisi wakaguzi wakaja, wakalisifu bwawa, wakapiga nalo picha. Cheti kikaja na fremu, kina jani la kijani pembeni.

Siku ya nne baada ya cheti, ngazi za bwawa zikaanza kuteleza. Siku ya sita maji yakapoteza ule ubuluu wake yakawa kama macho ya mtu mwenye homa. Klorini aliingia majini na brashi kabla ya wageni kuamka, akasugua vigae kimoja kimoja. Aliongeza dawa, macho ya wageni yakawa mekundu. Akapunguza dawa, ukuta ukaota ukungu. Siku ya kumi na moja bibi mmoja mgeni alidondosha pete upande wa kina kifupi, maji ya kiunoni, na hawakuiona. Walilazimika kuitafuta kwa miguu. Wiki hiyo watoto wawili wa wageni walipelekwa hospitali, mmoja masikio, mmoja tumbo, na baba yao akawapiga picha wakiwa kitandani.

Binti wa taulo alituma ujumbe mara moja, kwa simu ya dada yake: "Mama, bado hawajaniita." Mama Spa aliusoma stoo, mgongo ukutani, kwenye ule ukuta ambao sasa ulikuwa umenyamaza. Baadaye akaufuta.

Meneja akafanya mabadiliko. Bwawa na spa vikaunganishwa kuwa idara moja, Idara ya Maji, na mkuu wake akawa Mama Spa, aliyethibitisha uwezo wake wa kupunguza matumizi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa barua. Ilikuja imeshachapwa, ina nafasi mbili chini.

Alimkuta mumewe amepiga magoti ukingoni mwa bwawa, suruali imekunjwa, brashi mkononi. Barua aliibeba katikati ya taulo mbili, kama mtu anayeficha mkate.

"Meneja kakutuma?" Klorini akauliza, bila kugeuka.

"Mimi ndiye mkuu wa idara yako sasa."

"Hongera."

"Baba Pacha."

"Nisomee. Mikono imelowa."

Akamsomea. Uzembe katika usafi wa maji. Kuhatarisha afya za wageni. Kuanzia leo. Alisoma taratibu, na pale penye "uzembe" akakosea, akaanza upya mstari kama mtoto anayejifunza.

Klorini aliisukuma brashi mara mbili tatu kwenye kigae kilekile.

"Nani katia saini?"

"Meneja." Akasubiri. "Na mimi."

"Aa," Klorini akasema. "Kumbe kalamu yako imeanza kuandika."

*

Pampu ya bwawa sasa inafanya kazi saa kumi kwa siku. Mtaalamu aliitwa tena, akakaa siku mbili, akaandika kwamba saa nne hazitoshi na kwamba bwawa lifunikwe jioni. Alilipwa. Turubai la bwawa lilishonwa na Mama Spa.

Cheti bado kipo mapokezi, juu ya meza ya funguo.

Binti wa taulo hakuitwa. Anafua shuka za zahanati, kwa mkono, na siku akikutana na Mama Spa njiani humsalimu vizuri, kama anavyosalimiwa mtu mzima yeyote. Koili yake iko kwenye droo ya ofisi ya Meneja. Katibu huchemshia chai.

Mkandaji alipata mtoto wa sita. Meneja alihamishiwa hoteli kubwa zaidi.

Bi Mkubwa bado yupo. Anasema wiki yake haijaisha.

Pacha walimaliza shule. Mmoja aliomba kazi spa, mama yake akamkatalia, na hakumweleza kwa nini.

Nyumba nyuma ya dobi iliandikwa upya kwa jina la Mama Spa. Klorini alipata vibarua vya kusafisha matangi ya maji kwenye nyumba za watu, na jioni hurudi. Kwa kuwa si mfanyakazi tena, haruhusiwi kupita getini bila kuandikishwa kama mgeni. Mlinzi humpa daftari. Huandika jina, huandika saa, na kwenye nafasi ya anayekwenda kumwona huandika Mkuu wa Idara ya Maji. Kwenye nafasi ya sababu ya kuja, huandika: kulala.